Ondoeni Seva ya Barua Mliyoikuta

Ndugu zangu mnaoshika funguo za seva, kuanzia Embu mjini hadi Maua, nina neno nanyi. Ninyi wa vyuo na wa Sacco, wa hospitali za misheni, wa afisi za kaunti, wa shule za bweni zenye mtambo mmoja chini ya meza ya bursa: sikilizeni. Neno lenyewe ni fupi na nitalitoa sasa hivi, kabla sijaanza kulieleza. Ile seva ya barua pepe iliyokuja na mfumo wenu wa Unix au Linux hamkuichagua ninyi. Ilichaguliwa na mtu wa mbali, kwa ajili ya mtambo asioujua, kwa kazi ambayo pengine si yenu. Iondoeni. Wekeni mahali pake ile ambayo mnaweza kusoma mipangilio yake mstari kwa mstari na kuieleza mbele ya mkuu wenu bila kubabaika.

Najua jibu litakalokuja, maana nimelisikia Embu, nikalisikia Chuka, nikalisikia Meru: "Sisi hatuna seva ya barua. Barua zetu ziko Google." Mnayo, ndugu zangu. Anwani za walimu na za makarani ziko Google, sikatai. Lakini mtambo wenyewe una maneno yake ya kusema. Kazi ya nakala za akiba inayoanza saa nane usiku hutaka kumwambia mtu kwamba imeshindwa. Maktaba inayotumia Koha hutaka kumkumbusha mwanafunzi kwamba kitabu kimepitisha siku. Moodle hutaka kumpelekea mwanafunzi kiungo cha kubadilisha nenosiri usiku wa kuamkia mtihani. Diski inayoanza kuoza hutaka kupiga kelele ingali hai. Programu hizi nyingi, zikitaka kusema, huita njia moja ile ile ya zamani, /usr/sbin/sendmail, na aliyekaa nyuma ya njia hiyo ndiye seva yenu ya barua, mkijua msijue.

Na barua hizo zinakwenda wapi? Zinakwenda kwa root. Na nani anasoma barua za root? Nawauliza kwa uchungu. Nimeketi katika chumba cha seva cha taasisi moja ya eneo hili, jina lake nalihifadhi, tukafungua /var/mail/root. Faili ilikuwa imefura kwa miezi. Ndani yake, siku baada ya siku, programu ya smartd ilikuwa imeandika ujumbe ule ule: diski hii ina sehemu zisizosomeka, na idadi yake inapanda. Ikaandika tena kesho yake. Ikaandika tena. Diski ikafa ikiwa imetoa taarifa yake kwa uaminifu wote, na rekodi za karo za muhula mzima zikaenda nayo. Hakuna mdukuzi aliyeingia pale, wala umeme haukuleta balaa. Barua iliandikwa vizuri, ikabebwa na programu ambayo hakuna aliyejua ipo, ikawekwa kwenye sanduku ambalo hakuna aliyekuwa na habari nalo.

Tujue historia, kwa maana asiyejua seva hii ilitoka wapi hataona sababu ya kuiondoa. Kijana wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Eric Allman, aliandika programu iitwayo delivermail mwaka 1979, kisha akaandika sendmail, iliyoenea pamoja na BSD mwaka 1983. Wakati huo dunia haikuwa na mtandao mmoja. Kulikuwa na ARPANET, kulikuwa na UUCP ya kupigiana simu usiku, na kila mmoja ulikuwa na namna yake ya kuandika anwani. Sendmail ilibuniwa kuzitafsiri zote, na ndiyo maana mipangilio yake ni lugha nzima, na faili yake ya sendmail.cf husomwa kwa shida hata na mafundi waliobobea. Ilifanya kazi kubwa, na mtu asiidharau. Lakini tarehe 2 Novemba 1988 mdudu wa kompyuta aliyeandikwa na Robert Tappan Morris alisambaa katika maelfu ya mitambo ya Marekani, na moja ya njia alizopitia ilikuwa ile hali ya DEBUG ya sendmail, iliyoachwa wazi katika mitambo ambayo wenyewe hawakujua kwamba iko wazi. Hawakuifungua wao, waliletewa ikiwa hivyo.

Ndipo watu wakaamka. Cambridge, mwaka 1995, Philip Hazel alianza kuandika Exim kwa ajili ya chuo chake. Daniel Bernstein akatoa qmail. Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa katika maabara ya IBM kule New York, akatoa mwishoni mwa 1998 ile tunayoiita leo Postfix, akiigawa kazi kwa programu ndogo ndogo, kila moja na mamlaka kidogo tu, ili moja ikivunjwa nyumba nzima isianguke. Na mifumo yenyewe ikageuka mmoja mmoja. NetBSD 4.0 ya mwaka 2007 iliiondoa sendmail ikabaki na Postfix. Red Hat Enterprise Linux 6 ya mwaka 2010 ikaweka Postfix mbele. OpenBSD 5.6, Novemba 2014, ikaweka OpenSMTPD iliyoandikwa na watu wake wenyewe. Hata FreeBSD, iliyoshikilia sendmail miaka yote hiyo, katika toleo la 14.0 la Novemba 2023 iliisogeza kando ikaweka dma, programu ndogo isiyopokea barua kutoka nje kabisa. Hata waliotuletea sendmail wameiacha. Nasi tungali tunailinda katika seva ya mwaka 2012 iliyo chini ya meza, kwa hofu kwamba tukiigusa kitu kitaharibika.

Wala msiseme kwamba haya ni mambo ya wazungu wa Berkeley. Kubadilisha seva ya barua ni kazi ambayo wazee wetu wa fani hii waliifanya kwa mikono yao. Mapema miaka ya 1990, kabla Kenya haijapata intaneti kamili, barua pepe za Nairobi zilikusanywa kwanza, zikasafirishwa kwa simu kwa mafungu. Kikoa cha .ke kiliandikishwa mwaka 1993, na wasimamizi wake wa kwanza walikuwa Shem Ochuodho na Randy Bush. Tangu mwaka 2000, warsha za AfNOG, kundi la waendesha mitandao wa Afrika, zimezunguka bara hili zikifundisha mafundi, na mwaka 2006 zilifanyika Nairobi. Na somo lenyewe kwa miaka mingi lilikuwa lipi? Simika FreeBSD. Zima sendmail iliyokuja nayo. Weka Exim. Thibitisha inapokea na inatuma. Mafundi wa Accra, wa Kampala, wa Nairobi walikaa kwenye meza moja wakajifunza jambo hili hili ninalowaomba. Tumelirithi, tumelala nalo.

Na sasa tuna nini? Tuna Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia pale Nchiru, kilichopewa hati yake mwaka 2013, jirani na makao ya Njuri Ncheke. Tuna Chuo Kikuu cha Embu, hati yake 2016. Tuna Chuka, hati yake 2013. Tuna Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya, KeMU, hati yake 2006. Tuna KENET, mtandao wa vyuo uliozaliwa 1999. Kila mwaka barabara hii ya Embu, Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu hadi Meru inapitisha vijana waliosomea kompyuta miaka minne. Sikubali kuambiwa kwamba katika barabara hiyo nzima hatuna wa kutosha wa kufungua faili moja ya mipangilio na kuielewa.

Kuna anayeniambia, na huyu namsikiliza kwa makini: "Programu ya zamani inafanya kazi. Nikiigusa nikaharibu, nitaulizwa mimi." Ndugu, utaulizwa hata usipoigusa. Mwezi Juni 2019 ilitangazwa hitilafu katika Exim, matoleo ya 4.87 hadi 4.91, ambayo ilimruhusu mtu wa mbali kuandika amri ndani ya anwani ya mpokeaji, na seva ikaitekeleza kwa mamlaka ya root. Fikiria hilo: anwani tu. Mwezi Mei 2020 shirika la usalama la Marekani, NSA, lilionya kwamba kundi la jeshi la Urusi lilikuwa likiitumia hitilafu hiyo tangu Agosti 2019. Dawa ilikuwa imeshatoka, toleo la 4.92. Waliobaki wazi ni wale ambao hawakuiweka, na rahisi kuwa mmoja wao ni yule aliye na Exim bila kujua anayo, kwa sababu ilikuja na Debian yake na hakuwahi kuiita kwa jina. Wala sihubiri kwamba Postfix ni malaika na Exim ni shetani. OpenSMTPD, iliyoandikwa na watu makini kuliko wengi duniani, ilikutwa na tundu la kutisha Januari 2020. Exim inayosimamiwa na mtu anayeijua ni bora kuliko Postfix iliyotupwa. Ninachopigania ni huyo mtu anayeijua.

Na sheria nayo imefika. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ni ya mwaka 2019. Data za watu zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, aliyezishika anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Barua za hospitali zina majina ya wagonjwa. Barua za Sacco zina mikopo ya watu. Utamwambia nini Kamishna, kwamba hukujua kulikuwa na seva ya barua?

Basi tuifanye kazi. Nitaieleza kwa karibu, kwa sababu mahubiri yasiyomfikisha mtu kwenye kibodi ni upepo.

Anza kwa kujua uliyenaye. Kwenye Linux andika ss -ltnp, kwenye FreeBSD andika sockstat -4l, utazame nani anasikiliza mlango wa 25. Ukikuta anasikiliza kwenye anwani zote za mtambo ilhali hupokei barua yoyote kutoka nje, umeshaona dhambi ya kwanza. Kisha itazame foleni kwa mailq. Usiing'oe seva ya zamani kabla hujamaliza foleni yake! Barua zilizobaki katika /var/spool/mqueue au /var/spool/exim4 hazihami zenyewe. Seva mpya haizijui, na ya zamani ikishaondoka hakuna wa kuzibeba. Barua ya kazi ni kama bunda la miraa lililoondoka Maua alfajiri: likifika baada ya siku nne, limefika bure. Isukume foleni yote iende, au isome na uamue, ndipo uendelee.

Kwenye Debian na Ubuntu, apt install postfix yenyewe huiondoa exim4, kwa kuwa vifurushi hivyo viwili vinagombea kiti kimoja. Lakini mipangilio ya zamani hubaki, kwa hiyo fagia kwa apt purge. Kwenye jamii ya Red Hat zisimike zote mbili ukitaka, kisha alternatives --config mta ikuulize ni ipi ishike kazi. FreeBSD ndiyo inayohitaji uangalifu, na hapo ndipo wengi huteleza. Njia ya /usr/sbin/sendmail humo si sendmail yenyewe. Ni mpokezi mdogo aitwaye mailwrapper, anayesoma faili ya mailer.conf ili ajue kazi ampe nani. Mtu anaandika pkg install postfix, anaiwasha, anafurahi, na haigusi mailer.conf. Tangu siku hiyo mtambo una seva mbili. Postfix inangoja barua kutoka nje, na zile za cron bado zinapitia ile ya zamani, zikaangukia foleni asiyoitazama. Postfix huja na faili iliyo tayari, /usr/local/share/postfix/mailer.conf.postfix. Inakili hadi /usr/local/etc/mail/mailer.conf. Kisha ndani ya /etc/rc.conf weka postfix_enable="YES", na ile mistari minne ya sendmail, yaani sendmail_enable, sendmail_submit_enable, sendmail_outbound_enable na sendmail_msp_queue_enable, yote iwe "NO". Katika /etc/periodic.conf zima zile kazi za usiku zinazoiuliza sendmail habari za foleni yake.

Sasa fungua main.cf, faili ya mipangilio ya Postfix. Naomba usiinakili kutoka popote. Andika postconf -n, itakuonyesha yale tu yaliyoandikwa waziwazi katika faili hiyo, na kila mstari utakaoonekana jiulize kwa nini upo. Ukikosa jibu, ufute. Mtambo usiopokea barua za nje uwe na inet_interfaces = loopback-only. Mynetworks iwe 127.0.0.0/8 na ndugu yake wa IPv6, basi. Nimeona watu wakiandika humo anwani za kampasi nzima ili mambo yasiwasumbue. Siku kompyuta moja ya maabara inapoambukizwa, inakuwa imeshapewa ruhusa ya kutuma barua taka kwa jina la chuo. Na asubuhi anwani yenu iko katika orodha ya Spamhaus, barua za kuwaita wanafunzi wapya zinarudishwa moja baada ya nyingine, na mzazi wa Ishiara anadhani mwanawe hakupata nafasi.

Halafu kuna mydestination. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili limejaa kote na ni la kimya. Chuo au shule imepeleka masanduku yake kwa Google au Microsoft. Seva ya tovuti iko Embu, na jina la kikoa cha shule limeandikwa katika mydestination, kwa sababu aliyeisimika aliulizwa jina akajaza. Basi Postfix inaamini kwamba kila mwenye anwani ya shule anaishi ndani ya mtambo huo. Mzazi anajaza fomu ya maswali kwenye tovuti. Tovuti inamwandikia mwalimu mkuu. Postfix haiendi Google hata kidogo. Ikikosa mtumiaji wa jina hilo inairudisha kwa "User unknown". Ikimkuta, kwa kuwa mtu alifunguliwa akaunti zamani, inaiacha barua diskini, na kwenye kumbukumbu za mtambo itaandika status=sent. Mwalimu mkuu anangoja. Mzazi anaona amedharauliwa. Toa kikoa hicho humo. Acha localhost na jina la mtambo wenyewe tu.

Kama mtambo wako hauna anwani ya kudumu ya intaneti, au uko nyuma ya modemu ya simu, usijaribu kupeleka barua moja kwa moja kwa dunia. Tumia relayhost, mlango wa 587, kwa jina na nenosiri, na smtp_tls_security_level = encrypt ili barua isitoke uchi. Na kama mtambo hautumi chochote ila ripoti zake, wala Postfix huihitaji: dma inatosha, nullmailer inatosha. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu kijana akishaipenda Postfix huiweka hadi kwenye kompyuta ya kupimia mvua. Seva ndogo ya kubeba ripoti iwe ndogo.

Lakini ninyi wa vyuo na hospitali mnaotuma wenyewe, tengenezeni rekodi zenu za DNS. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo hudai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi, barua elfu tano na zaidi kwa siku kwenda Gmail, awe nazo zote mbili pamoja na DMARC. Hudai pia rekodi ya kinyume ya anwani yako ilingane na jina la seva. Rekodi hiyo ya kinyume huwezi kuiandika wewe. Iko mikononi mwa anayekupa intaneti. Mwandikie barua rasmi, itiwe muhuri, ufuatilie kwa simu mpaka iwekwe. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima na DKIM, na kilichowakwamisha ni rekodi moja ambayo hawakuomba.

Msiogope umeme. Hofu hii naisikia hasa upande wa Tharaka na Mbeere: stima ikipotea usiku kucha barua za watu zitapotea. Hazipotei. Itifaki ya barua, tangu Jon Postel aiandike katika RFC 821 mwezi Agosti 1982, ilijengwa kwa dunia ambamo mitambo huzimika. Seva ya upande wa pili ikikukosa huiweka barua kwenye foleni yake na kujaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku nne au tano. Postfix yako nayo hushika yake siku 5 kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Kinachoua barua ni anayerudi asubuhi, akaona taa zimewaka, asiandike mailq.

Na sasa sehemu iliyo ndogo kwa maandishi na kubwa kuliko yote. Fungua /etc/aliases. Kuna mstari wa root. Andika mbele yake anwani ya mtu aliye hai, aliye kazini, anayelipwa kwa kazi hiyo. Ziwe mbili, ili mmoja akienda likizo Mombasa mwingine abaki. Zisiwe za yule kijana wa mkataba aliyeondoka mwaka juzi. Zisiwe za kampuni ya Nairobi iliyosimika mtambo ikalipwa ikaenda. Andika newaliases. Halafu wakuu wa idara, ninyi mnaosoma haya bila kujua kibodi, neno lenu ni hili: mtu huyo apewe nusu saa kila asubuhi ya kusoma barua za mitambo, iandikwe katika majukumu yake, na asivutwe kwenda kurekebisha printa ya mkurugenzi kabla hajamaliza. Mnawalipa walinzi wa lango mchana na usiku. Huyu naye analinda.

Walimu wa Nchiru, wa Embu, wa Chuka, wa KeMU, nawasihi. Mwanafunzi asimalize mwaka wa tatu bila kung'oa seva moja ya barua na kuweka nyingine kwa mikono yake, kwenye mashine pepe, bila gharama yoyote kwa kuwa programu hizi zote ni za bure na msimbo wake uko wazi. Mpeni mtambo wenye sendmail. Mwambieni auachie foleni tupu, Postfix ikifanya kazi, na root akiwa na jina la mtu. Mtihani huo utawaonyesha nani ameelewa mtandao na nani amekariri.

Nimemaliza kueleza, kilichobaki ni mikono yenu. Usiku wa Jumamosi hii, wakati hakuna anayelipa karo wala anayetafuta matokeo, chukua nakala ya /etc, kaa mbele ya mtambo mmoja, mmoja tu, uifanye kazi hii hadi mwisho. Mwandikie root barua. Fuatilia kumbukumbu kwa tail -f /var/log/maillog, au journalctl kwenye Debian mpya. Soma to=, soma relay=, hakikisha barua imekwenda kwa yule uliyemkusudia na si diskini humo humo. Usiinuke mpaka uone status=sent na simu ya mwenzako wa zamu iwe imeipokea.